Mpime na Mzigo

Siku ya soko Kasulu hakuna anayemsikia mwenzake. Spika za wauza dawa za panya zinashindana na za wauza mitumba, bodaboda wanagombea abiria, mama wa dagaa anaapa kwa marehemu baba yake kwamba mzigo umefika leo alfajiri. Katikati ya zogo hilo, kwenye duka la Mzee Mansuri la vipuri vya simu na redio, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu alisimama mbele ya kaunta akinusa betri.

Yasmini, binti wa mwenye duka, alimtazama weee, mwisho akashindwa.

"Kaka, hilo siyo andazi."

"Najua, dada. Betri ya litiamu ikianza kuvuja inanukia tamutamu, kama rangi ya kucha."

Yasmini akaficha vidole vyake haraka, maana alikuwa amevipaka rangi asubuhi ile. Alivaa dera la zambarau na mtandio mweupe, wanja umekaa mahali pake, na uzuri wake alikuwa anaujua vizuri sana. Hakuzoea mwanamume aingie dukani apeleke pua kwenye betri kabla ya kumtazama yeye.

"Ya simu gani unayotaka?"

"Ya ndege."

"Ya nini?"

"Ndege ya jeti, dada. Ndogo, ingekaa hapo juu ya kaunta yako mkia ukatokeza nje. Naiongoza kwa rimoti. Injini yake inakunywa mafuta ya taa, haina shida. Shida yangu ni betri ya risiva, ile inayoisikiliza rimoti."

"Si injini ndiyo kubwa?"

"Injini ikizima, naiteremsha taratibu na inatua. Risiva ikikosa umeme, ndege imekuwa kiziwi. Inanguruma, inakwenda inakotaka, na mimi nimebaki na rimoti mkononi kama mjinga."

Yasmini akacheka, akamsogezea betri nyingine na mita. "Hii hapa. Tazama mwenyewe, volti zimejaa."

"Zimejaa kwa sababu imelala. Huna balbu ya pikipiki?"

Akampa. Kijana akaiunganisha na betri, balbu ikawaka, naye akaikazia macho mita. Namba zikaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Akachukua nyingine, nayo ikaporomoka. Ya tatu ikatetereka kidogo, ikasimama. Hapo ndipo kijana alipotabasamu, na Yasmini akaona mwanya.

"Betri inapimwa ikiwa na mzigo, dada. Bila mzigo zote ni nzima."

"Na maandishi ya juu je? Hii imeandikwa nguvu mara mbili ya hiyo."

"Hayo ni maneno ya mwanamume anayetongoza. Usiyaamini."

"Ala! Na wewe je, umeandikwa nini?"

"Mimi nimeandikwa Habonimana, wa Kibondo. Waniita Habo. Nipime tu."

Jamani, wengine huanza kwa maua. Hawa walianza kwa balbu ya pikipiki.

Ndege ile Habo aliachiwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi, ikiwa imevunjika bawa. Akaiunga kwa gundi na subira. Kibondo nzima ilimjua. Ikinguruma uwanjani hata walioko kanisani walichungulia. Na kila alipohitaji betri, alikuja Kasulu. Baadaye akawa anakuja hata asipoihitaji, na simu zikawa haziishi.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula ugali wa muhogo na sauti yako."

"Mwongo wewe! Sauti yangu umeisikia sasa hivi."

"Ndiyo maana narudia sahani."

Yasmini akajifunza kuchagua betri kuliko baba yake. Ilikuwa hivi: iliyovimba hata kidogo, weka kando. Yenye waya mwembamba, weka kando. Inayoshikilia balbu bila kutetereka, mfungie Habo. Alimwekea zile nzuri chini ya kaunta, kwenye kikopo cha biskuti, na wateja wengine wakauziwa zilizobaki.

Kisha siku moja alitaka kumwonyesha mpenzi wake kwamba ameiva. Akaiunganisha balbu na betri bora kuliko zote. Mara akaingia Kuruthumu, binti wa shangazi yake, na umbea wa harusi ya Buhigwe. Bibi harusi kavaa nini, nani kalia, nani kazirai. Habo alipofika mchana, balbu ilikuwa imezima kitambo.

"Yoo! Yasi wangu, umeiua."

"Nimeiua vipi? Nilikuwa naipima."

"Kupima ni dakika chache. Ukiiacha mpaka chini kabisa, umeiua wewe mwenyewe."

"Si niichaji tu?"

"Itachajika, na mita itakuambia imejaa. Ila mimi siipandishi hewani tena." Alipoona midomo ya Yasmini inatetemeka, akaitia betri mfukoni. "Naichukua hivyo hivyo. Nitaitumia chini, kupashia mabawa joto, kuyachezesha tu kabla ya kuruka. Umenichagulia wewe, nitaitupaje?"

Huo ndio moyo aliokuwa nao kijana yule. Kumbuka, maana huko mbele utaulilia.

Posa ya Abdalah ikaja kutoka Ujiji: mtu wa duka la vitambaa, dini moja, ukoo unaojulikana. Yasmini akasema hamtaki. Mzee Mansuri akaweka kikombe chini.

"Ni yule mtoto wa wakimbizi?"

"Kazaliwa Kibondo, baba. Ni raia kama wewe."

"Dini mbali, kazi yake kurusha midoli. Ukimfuata, nyumba hii usiijue tena. Ujibu kabla watu wa Ujiji hawajarudi."

Hapo ndipo palipokuwa na kifo cha mtu. Kumpata Habo ilikuwa kupoteza baba, mama na mlango wa kurudi. Usiku halali, mchana hasikii wateja. Je, nikishaacha vyote, huyu mtu atanibeba? Badala ya kumwuliza mwenyewe, akamwuliza Kuruthumu. Huyo Kuruthumu alikuwa na talaka ya juzi na meno ya kuuma wanaume wote.

"Maneno matamu hata wangu alikuwa nayo," Kuruthumu alisema. "Mpime na mzigo. Si ndivyo alivyokufundisha?"

"Mzigo gani?"

"Lini anarusha hiyo ndege yake mbele ya wale wageni?"

Yasmini alielewa palepale. Kuna kampuni ya Dar inayopima ardhi kwa ndege zisizo na rubani. Watu wake walikuwa wanakuja Kibondo kumtazama Habo akirusha, na wakiridhika wanamwajiri. Alikuwa anaisubiri siku hiyo kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Baada ya siku hiyo alitaka hata kuja kuzungumza na Mzee Mansuri akiwa mtu mwenye kazi.

"Siku hiyo hapana, Kuruthumu."

"Basi usimpime. Olewa naye, utajua huko huko."

Asubuhi ya siku yenyewe Yasmini akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Habo watu walikuwa wakicheka.

"Yasi wangu! Wageni wameshafika, sasa hivi napasha mabawa joto. Niombee."

"Habo..." Sauti ilitetemeka kweli, kwa woga wa alichokuwa anafanya. "Nimegongwa na bodaboda. Niko hospitali, Kasulu. Mguu wangu, Habo."

Kicheko cha watu kilisikika kwa mbali.

"Nakuja," alisema Habo. Hakuuliza swali hata moja.

Mtihani ulikuwa umekwisha hapo. Msichana mwenye akili angesema, "Rudi, mpenzi, nilikuwa natania," akatukanwa kidogo, akasamehewa, ndege ikaruka. Yasmini alifungua mdomo kabisa aseme. Kuruthumu akampokonya simu, akaikata.

"Kusema nakuja si kuja. Mwache afike!"

Habo akapiga akiwa njiani, amepata lifti ya Fuso lililobeba mihogo. "Wanasemaje madaktari?"

Kuruthumu akamkonyeza. Yasmini akasema, "Wanasema mfupa umesagika."

Akapiga tena. "Yasi, uko macho? Usilale. Zungumza na mimi."

"Wanasema... labda utakatwa."

"Wakate. Nasema wakate, mama, ubaki hai tu. Nitakubeba mgongoni mpaka tuzeeke."

Yasmini alilia kwa furaha, furaha kabisa, Mungu amsamehe. Akaoga. Akavaa gauni jipya la rangi ya dhahabu, akajifukiza udi, akapaka wanja. Alitaka Habo amkute mzima na mzuri, amwambie umefaulu, naacha vyote, nichukue. Aliiona kama sikukuu. Simu iliendelea kuita, naye akaendelea kugugumia kama mgonjwa huku Kuruthumu akimfunga vifungo vya mgongoni.

Alasiri walisimama kwenye geti la hospitali. Fuso likasimama ng'ambo. Habo akaruka chini kabla halijatulia, ovaroli yote nyekundu kwa vumbi, macho yamevimba. Kisha akageuka, akanyoosha mikono, akamteremsha mama mzee.

Yasmini hakutarajia hilo. Ndiye Mama Esteri, mama yake Habo, ambaye hawajawahi kuonana. Kitenge kimefungwa kiunoni, khanga mpya ya kumfunika mgonjwa iko begani, chupa ya uji kaikumbatia kwa mikono miwili ili isitikisike.

"Habo!" Yasmini akakimbia kwa miguu yake yote miwili, gauni likimetameta. "Habo, mimi mzima! Umefaulu, laazizi! Nilikuwa nakupima tu!"

Habo akamshika mabega, akamtazama mguu wa kulia, akamtazama wa kushoto. Akacheka. Kicheko kilikuwa cha kweli, cha mtu aliyeambiwa maiti amefufuka. Akainua macho, akaona wanja. Akanusa udi. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Kunipima," alisema.

"Nilitaka kujua kama..."

Simu yake ikaita. Alikuwa Irakoze, rafiki aliyemwachia wageni. Sauti ilikuwa kubwa hata Kuruthumu aliisikia.

"Habo, nisamehe, ndugu yangu. Wageni walitaka kuondoka. Nikapima betri iliyokuwemo, volti zimejaa, nikasema niirushe mimi walau waione. Imekwenda vizuri, imepinda mara mbili, halafu ikaacha kusikia. Imekwenda moja kwa moja mlimani, Habo. Imeungua yote. Wageni wameondoka, wamesema hatuna uangalifu."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Basi pole na kazi," Habo alisema, akakata simu.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa betri. Ilikuwa nzima, mpya, aliyokuwa aiweke baada ya kupasha mabawa joto. Alikimbia nayo mfukoni toka Kibondo mpaka Kasulu. Iliyobaki ndani ya ndege ilikuwa ile ya Yasmini, iliyouawa na balbu.

"Habo, sikujua..."

"Ulijua ni leo," Habo alisema. "Ndiyo maana ukaichagua leo."

Mama Esteri, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, alitazama mwanawe, akatazama gauni la dhahabu. Akafungua chupa, akamimina uji kwenye kifuniko, moshi ukapanda. Akampa Yasmini kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka.

"Kunywa, mwana wanje, mwanangu," alisema. "Nimeupika wa mgonjwa. Siwezi kurudi nao."

Yasmini akaunywa, amesimama getini, wauguzi na wauza machungwa wakimtazama. Uji ulikuwa mtamu wenye ndimu na ulimchoma mpaka kifuani. Alipomaliza, mama akapokea kifuniko, akakipangusa kwa pindo la kitenge, akamshika mwanawe mkono, wakaenda kutafuta gari la kurudi.

Yasmini alipiga simu usiku ule, na usiku mwingine, na mwingine. Habo hakumzimia simu, na huo ndio ukatili wenyewe. Alipokea kila mara, kwa adabu.

"Habari za jioni, dada Yasmini."

"Usiniite dada, Habo! Nitukane!"

"Nikutukane kwa nini? Hujambo lakini? Wasalimie nyumbani."

Watu wa Ujiji waliporudi, Yasmini hakumkataa tena Abdalah. Posa ikapokewa.

Siku ya soko, kabla ya harusi, alikuwa dukani mikono imejaa hina ambayo bado ni mbichi kidogo, Kuruthumu akihesabu wageni kwa vidole. Kivuli kirefu kikaangukia kaunta.

"Mwidiwe," Habo alisalimia. Alikuwa amekonda. "Nahitaji betri ya risiva. Nimeanza kuunda nyingine, ya boksi na gundi. Kasulu nzima hakuna anayechagua kama wewe, dada."

Yasmini akainama, akatoa kikopo cha biskuti chini ya kaunta. Hakuwahi kumwuzia mtu mwingine yeyote betri zile. Akachagua moja, akaiunganisha na balbu, ikawaka. Namba zikatetereka, zikasimama. Wote wawili wakaitazama, na yeye hakutaka kuizima, maana ikizimwa mtu huyu ataondoka.

"Habo," alisema kwa sauti ndogo, "kwani kilichokwisha hakichajiki tena?"

"Kinachajika." Hakuwa na hasira hata chembe, afadhali angekuwa nayo. "Mwenyewe nimejaribu. Kila ukipiga, nasema leo imejaa. Ila siipandishi hewani, Yasi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu getini, na ilikuwa mara ya mwisho. Akanyoosha mkono juu ya kaunta, taratibu asiiguse hina yake, akachomoa waya. Balbu ikazima.

"Inatosha," alisema. "Kiasi gani, dada?"