Hodi Isiyoitikiwa

Kila asubuhi Siti alipokwenda shule, alimpa shikamoo kila mtu mzima aliyekutana naye katika vichochoro vya Kilwa Kivinje. Adabu aliijua vizuri, hasa ilipowapungukia wenzake. Zilikuwa enzi za Waingereza, na wasichana shuleni walikuwa wa kuhesabika.

Mmoja wao alikuwa Mwanaasha, mgeni kutoka Kikole, aliyekuja kuishi na bibi yake. Ukimsalimu kwa nyuma, kimya. Ukimwita, anaendelea na safari yake. Siti naye hakuwa na kifua, akamfikishia habari Mwalimu Alfonsi.

“Mwalimu, yule ana kiburi. Hata wewe jana ulimwita, akakupa mgongo.”

Mwalimu alikumbuka, akakasirika. “Nenda kamwambie bibi yake kesho aje amchukue. Mtoto asiye na adabu simfundishi.”

Siti alikwenda mbio, amefurahi kabisa. Akabisha mlangoni, “Hodi! Hodi wenyewe!” Hodi ya tatu nayo haikuitikiwa, na kwa desturi angerudi zake. Lakini alisikia kishindo uani, akachungulia.

Mwanaasha alikuwa amekaa mkekani akisuka ukili. Nyuma yake mbuzi alikuwa akila muhogo ulioanikwa, na sufuria aliyoiangusha ilikuwa bado inabingirika. Mwanaasha hakushtuka wala hakugeuka. Siti akaelewa, na haya zikamshika.

Bibi alirudi kutoka kisimani, akamfukuza mbuzi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Bibi, kumbe Mwanaasha hasikii?”

Bibi alitua mtungi. “Surua ilimharibu masikio. Mpaka akuone midomo ndipo akuelewe. Nilinyamaza, wasije wakamkataa shuleni.”

“Kesho wanamkataa, bibi. Mwalimu amesema uje umchukue. Na mimi ndiye niliyemsema.”

Asubuhi bibi alifika shuleni, kanga ameivuta mpaka usoni. Kabla hajafungua kinywa, Siti alisimama.

“Mwalimu, nilikosea. Mwanaasha hana kiburi, hasikii. Simama mbele yake useme naye.”

Mwalimu aliinama mbele ya Mwanaasha. “Hujambo?”

“Sijambo, mwalimu! Shikamoo!” Alisema kwa sauti kubwa mno, darasa likacheka. Mwalimu aliwatazama tu, kicheko kikafa.

“Bibi,” alisema, “mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeniambia mapema. Nami nilihukumu bila kuuliza, unisamehe.” Akamhamishia Mwanaasha kwenye dawati la mbele, kisha akaligeukia darasa. “Ulemavu si kosa, na si kila ulemavu unaonekana kwa macho. Kabla hujamwita mwenzako mkosa adabu, uliza. Na ukimsalimu mtu, msalimu kwa njia itakayomfikia.”

Walipotoka, Siti alikimbia, akampita Mwanaasha, akageuka mbele yake.

“TWENDE NYUMBANI?” alipaza sauti.

“Twende,” Mwanaasha alicheka. “Lakini usipige kelele, Siti. Nakuona.”