Shamba la Emil na Leseni ya Kinu

Asubuhi akikamua ng'ombe, Norbert Lardinois hakupenda kuongea. Alipenda kukumbuka. Alifunga mashine kwenye chuchu, akasimama mikono kiunoni, na mawazo yakaenda zake zamani. Joyce, mkewe, alimjua. Alipomwona ametulia hivyo alimpitishia kahawa bila neno, akaondoka.

Na zamani yenyewe ilikuwa tamu, jamani. Ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa ziwa, palikuwa na kinu cha nyuklia kilichozalisha umeme. Emil, baba yake Norbert, alikuwa fundi mabomba humo. Zamu zikibadilika, taa za magari zilipangana barabarani mpaka kanisani. Shule ilikuwa na bendi. Ijumaa jioni ukichelewa kula samaki wa kukaanga pale klabuni, unasimama nje kwenye theluji ukisubiri meza. King'ora cha kinu kilipojaribiwa mbwa wote wa kijiji chao cha Thirimont walibweka, na Emil kila mara alisema mbwa nao wanadai mshahara.

Kisha umeme wa gesi ukawa rahisi, kinu kikaonekana ghali, kikafungwa. Mafundi wakahama na familia zao. Shule ikafuata. Renee, binti pekee wa Norbert na Joyce, alikuwa fundi wa mitambo ya umeme, naye akaenda kutafuta riziki mjini Milwaukee. Alikuja sikukuu, akaondoka, na nyumba ikabaki na sauti ya friji.

Ndiyo maana kampuni ya Halbrun ilipokuja, watu waliipokea kwa mikono miwili. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Halbrun ilisema itajenga kinu kipya, kidogo, cha kisasa. Ilimtuma Bwana Kincaid, kijana mwenye meno mazuri. Alifika siku ya kermiss, sherehe ya mavuno, na hapo aliwamaliza. Alilipia bendi ya matarumbeta. Alicheza dansi ya polka na wajane wote. Alikula buya, ule mchuzi mzito wa kuku na nyama na mboga, akaomba bakuli la pili. Watu wa Thirimont wana udhaifu wao mmoja: mtu akimaliza bakuli la pili la buya, wanamwona ndugu.

Kincaid alilitaka shamba la Norbert, lile la karibu na ziwa alilolinunua Emil kwa mshahara wa kinu. Alimweleza Norbert masharti huku bendi ikipiga. Norbert angesaini kuliuza sasa. Malipo yangekuja leseni ya kinu ikitoka. Wakati wa kusubiri, kampuni ingeanza kuchimba na kupima udongo. Ajira zingekuja, na wenyeji wangefikiriwa kwanza.

Norbert akamfikiria Renee. Akatoa mkono, na Kincaid akaushika mbele ya watu wote. Sasa, kwao mkono wa kermiss si mchezo. Watu wameoana kwa mkono ule, wameuziana ng'ombe kwa mkono ule, na aliyeurudisha alisemwa mpaka kaburini. Usiku uleule Norbert alimpigia binti yake simu. Renee alilia kwa furaha, akasema mwezi ukiisha atamwambia bosi wake anaacha kazi.

Joyce hakulia wala hakucheka. Alichukua koti akaenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Verna Delfosse, mama mtu mzima aliyekula chumvi nyingi. Miaka yote ya kinu cha zamani alikuwa kwenye ofisi ya leseni. Kazi yake ilikuwa kuandaa maelezo ya kuipelekea tume ya nyuklia ya taifa, ile inayotoa leseni na inayoweza kuinyang'anya. Alikuja na pai ya plamu mkononi, akaketi jikoni kwa Norbert kama kwake, akasoma mkataba aliouacha Kincaid, kurasa zote. Hakula pai mpaka alipomaliza.

"Norbert," alisema, "hawa watu pesa ya kujenga wanaipata wapi?"

Norbert alijibu kwamba hilo si lake. Kampuni ni kubwa, serikali itawapa leseni, mambo yatakwenda.

"Serikali haimpi mtu leseni kwa sababu anacheza polka vizuri."

Joyce alicheka. Norbert hakucheka. Alimwambia mkewe kwamba hakujua kama siku hizi mambo ya nyumba yanapelekwa baraza la majirani. Joyce akamjibu kwamba mambo ya nyumba yalikwisha kupelekwa kwenye kermiss, tena kwa tarumbeta.

"Wewe ukisikia tarumbeta tu, akili inakwenda likizo," alisema.

Verna aliwaacha wamalize. Kisha akaeleza polepole, kama mtu anayemenya viazi. Kinu cha nyuklia si kiwanda cha jibini, alisema, kwamba ukiishiwa pesa unafunga mlango unakwenda nyumbani. Kikiwashwa kinahitaji watu, vipuri na ulinzi kila siku, pesa iwepo isiwepo. Kwa hiyo kampuni ikiomba kukijenga, tume inaiuliza: gharama zote za kujenga na za mafuta ya nyuklia ni kiasi gani, na zitatoka wapi? Kampuni si lazima iwe na fedha zote mkononi, lakini lazima ionyeshe kwa hoja ya kuaminika kwamba zitapatikana. Kama ni kampuni mpya isiyo na historia, inataja wenye kampuni ni akina nani, na wana uwezo gani wa kubeba walichoahidi.

"Halafu kukiendesha," Verna aliendelea. "Mwenye kinu anayeuza umeme sokoni kama mfanyabiashara yeyote, anaonyesha makadirio ya miaka mitano ya kwanza, na pesa itakayolipia. Bima ya ajali iwepo pia. Kisha kuna siku ya mwisho."

"Siku ya mwisho ipi?" Norbert aliuliza.

"Ya kukibomoa na kusafisha ardhi. Pesa hiyo inapangwa kabla kinu hakijawashwa. Inawekwa mahali ambapo kampuni haiwezi kuichezea. Au mdhamini mwenye nguvu anajifunga kwa maandishi kwamba kampuni ikianguka, yeye atalipa. Wewe unaijua sheria hii, Norbert. Buya mnapikaje?"

Norbert alikuwa mkuu wa sufuria ya kanisa kwa miaka mingi, na swali hilo halikumpa shida. Sufuria ile ni kubwa, mtoto anaweza kuogelea ndani yake. Kusugua masizi na mafuta yaliyoganda ni adhabu. Zamani watu walikula, wakacheza, wakatawanyika, na sufuria ikashika kutu nyuma ya kanisa hadi paroko akakasirika. Tangu hapo hakuna kuwasha moto mpaka wasuguaji wa kesho wametajwa kwa majina na wameitika wenyewe.

"Basi," alisema Verna. "Wasuguaji wa Halbrun ni akina nani?"

Norbert akatazama dirishani, kule kwenye kinu cha zamani, ambako kreni zilikuwa zikiinua vipande vya zege.

"Na wale," aliuliza kwa sauti ndogo, "wanaokibomoa cha baba, wanalipwa na nani?"

"Wanalipwa na baba yako," alisema Verna. "Na mama yako. Na mimi. Kila tulipolipa umeme, sehemu kidogo iliingia kwenye mfuko wa siku hii. Tulikuwa vijana, kinu kinanguruma, nani alitaka kusikia habari za kukibomoa? Lakini pesa iliwekwa. Ndiyo unaiona kazi pale."

Norbert alizitazama tena zile kreni. Miaka yote alikuwa akikumbuka bendi na samaki na taa za magari. Hakuwahi kukumbuka hili. Alimwona baba yake pale mezani, miwani puani, akinung'unikia bili ya umeme huku akiilipa, na akatamani kumwona mzee yule kuliko siku aliyomzika.

Lakini mkono alikwisha kuutoa. Alilisema hilo, na aibu ilikuwa usoni. Ahadi ni deni.

"Ulimpa mkono ukiamini nini?" Verna alimuuliza.

"Kwamba wana uwezo wa kujenga."

"Kamuulize basi. Mbele ya watu walewale. Akikujibu, saini. Asipokujibu, aliyevunja mkono si wewe."

Mkutano wa hadhara ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Kincaid alionyesha picha za kinu, kimezungukwa na maua na watoto wanaoendesha baiskeli. Watu walipiga makofi. Norbert alisimama, kofia mkononi. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba leo Lardinois anataka kuhutubia kama askofu, ukumbi ukacheka. Alisubiri kicheko kiishe. Kisha akauliza kama Verna alivyomwelekeza, ila kwa maneno yake. Pesa ya kujenga inatoka wapi? Wenye kampuni ni nani? Kinu kikizeeka au kampuni ikifilisika, nani atakisafisha, na kajifunga wapi?

Kincaid alitabasamu. Alisema hayo ni maswali mazuri sana. Alizungumza habari za mustakabali, za hewa safi, za ujasiri wa babu zao waliovuka bahari. Debe tupu haliachi kuvuma. Norbert hakuketi.

"Bwana Kincaid, pesa."

"Wawekezaji wapo, mzee wangu," alisema Kincaid. "Wanasubiri tu kuona tuna ardhi. Tukishakuwa na mkataba wa shamba lako, watakuja."

Watu waligeuka kumtazama Norbert. Hata yule wa nyuma.

"Kumbe mtaji wenu ni shamba la baba yangu," alisema Norbert. "Mimi nasubiri kulipwa leseni ikitoka. Leseni inasubiri pesa. Pesa inasubiri shamba langu. Ninyi mmeleta nini?"

Kincaid akarudi kwenye picha zake za maua. Norbert akamwambia, bila hasira, kwamba hatasaini. Alimpa mkono mtu aliyedhani ana uwezo, na sasa kila aliyekuwa kwenye kermiss ameshuhudia kwamba hana. Hakuna aliyemzomea. Wajane wawili walioserebuka na Kincaid waliinuka wakatoka.

Kusema ukweli, kazi ngumu haikuwa hiyo. Kazi ngumu ilikuwa simu. Norbert aliishika muda mrefu kabla hajabonyeza namba, Joyce amekaa kando yake.

"Usiache kazi, mwanangu," alimwambia Renee. "Hakuna kinu."

Renee akasema, "Nilikwisha anza kufunga vitu, baba." Norbert alijibu kwamba anajua, na kwamba yeye ndiye aliyemharakisha. Baada ya simu ile alikwenda zizini akakaa na ng'ombe mpaka Joyce alipomfuata.

Halbrun ilihamia wilaya nyingine, ikapata wa kusaini. Shamba la watu lilichimbwa mashimo. Tume ilipotaka maelezo ya fedha, kampuni haikuwa nayo, ikaondoa maombi yake, na yale mashimo yakabaki yakikusanya maji. Norbert hakufurahi kusikia hivyo. Alimwonea huruma mwenye shamba, kwa sababu aliijua njia aliyopitia.

Mwaka wa tatu ikaja kampuni nyingine. Hii haikuleta bendi. Ilimleta mwanamke mmoja mkavu, Bi Ostrander, asiyekula buya kwa sababu ya tumbo. Thirimont haikumpenda hata kidogo. Lakini alipoulizwa alijibu. Wenye kampuni walikuwa shirika la umeme la jimbo na wenzake wawili, majina haya hapa. Fedha za kujenga zilitoka hapa na hapa, na barua za ahadi zilikwisha kupelekwa kwenye tume. Mfuko wa kubomoa ungekaa kwa mdhamini wa nje. Maombi yao yalikuwa wazi, yeyote angeweza kuyasoma na kuiandikia tume maoni yake. Verna aliyasoma yote, akapeleka maswali, majibu yakarudi.

Norbert hakuuza. Alikodisha. Mkataba ulisema analipwa kwa kusubiri, analima kama kawaida, na hakuna koleo litakaloingia mpaka kibali cha tume cha kujenga kitoke. Kinu kikimaliza umri wake, ardhi itasafishwa na kurudi kwa familia.

Kibali kilitoka. Renee aliajiriwa miongoni mwa mafundi wa kwanza, akarudi na mume na tumbo la miezi sita. Siku moja kabla mashine hazijaingia, alikwenda na baba yake shambani. Mahindi yalikuwa yamevunwa. Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na kinu cha Emil, palikuwa na nyasi tupu mpaka kwenye maji. Norbert alitazama huko kwa muda.

"Inakuuma, baba?" Renee aliuliza.

"Inaniuma. Nimelima hapa tangu nikiwa mtoto."

"Tungeweza kukataa."

"Hapana. Nataka mjukuu wangu asome hapahapa." Aliinama, akafikicha bonge la udongo, akakung'uta mikono kwenye suruali. "Siku moja kinu hiki nacho kitazeeka. Mimi sitakuwepo, na pengine hata wewe. Lakini pesa ya kukiondoa itakuwepo. Huyo uliyembeba atakuja kulima hapa."