Makofi ya Kumuaga Selwick

Aliyekuwa akipiga makofi alikuwa mtu mmoja, na pale ngazini hapakuwa na mtu.

Lorna Harcastle alisimama juu ya ngazi, kikombe cha chai mkononi. Pa. Kimya. Pa. Yalitoka chini, penye picha za mawaziri wakuu waliopita, na pamoja nayo ikapanda harufu ya koti la sufu lililolowa mvua. Mumewe, waziri mkuu mpya, hakuwa na mwezi mzima katika nyumba ile yenye mlango mweusi.

"Umesikia?" alimnong'oneza alipoingia chumbani.

Edmund hakuinua kichwa kitandani. Tangu Jumapili sauti ilikuwa imemkauka, na mikono yake ilikuwa baridi kama samaki wa dukani. "Wabunge wangu hao," alikwaruza. "Wamefurahi naumwa. Wacheza kamari wanasema mti wa Krismasi utanikuta nimeshafukuzwa."

"Acha utani, Edmund. Unaniishia huku nakuona."

Daktari alikuwa ameshakuja, asione ugonjwa wowote. Lorna akashuka jikoni kwa Bi Winifred Oakes, msimamizi wa nyumba, akafunga mlango kwanza ndipo akauliza.

"Ni Sir Aubrey Selwick, Mama," Bi Winifred alisema chini kwa chini, akipangusa sinki lililokwisha kukauka. "Yule wa kwenye picha ya kona ya ngazi. Alishika uwaziri mkuu enzi za magari ya farasi, akafia chumba hichohicho mnacholala kabla wiki ya sita haijaisha. Desturi unaijua: waziri mkuu akiondoka, sote tunajipanga ukumbini, tunampigia makofi mpaka mlangoni. Yeye alitolewa kwa nyuma, ndani ya jeneza. Hajaagwa. Kila waziri mkuu anayekuja, yeye humwona amemkalia kiti chake."

"Mbona wengine hawakutuambia?"

"Waliodumu hawakumsikia, Mama. Na waliomsikia hawakukaa wakasimulia."

Lorna aliweka kikombe mezani, kikagongana na kisahani. "Basi tumuage. Leo hii."

"Tumuage maiti? Wapishi watanicheka!"

"Wacheke huku wanapiga makofi. Mume wangu anakufa, Winifred!"

Jioni, taa za barabarani zikianza kuwaka katika ukungu, wafanyakazi walijipanga pande mbili za ukumbi, wapishi kwa makarani, wakikonyezana mwanzoni, kisha wakiacha kukonyezana, kwa sababu ngazi ilianza kulia kidaraja kimoja baada ya kingine, na ile harufu ya sufu mbichi ikashuka pamoja na mlio huo, ikapita katikati yao, baridi yake ikiwagusa magoti na vifundo vya mikono, hata msichana mmoja wa jikoni akafumba macho na kuzidi kupiga makofi kama anayefukuza nyuki.

"Kwaheri, Waziri Mkuu!" Bi Winifred aliita, kama alivyozoea kuita miaka yote.

"Kwaheri, Waziri Mkuu!" waliitikia wote.

Mlango mweusi ukafunguka wenyewe. Baridi ikatoka. Ukumbi ukapata joto, mtu akacheka, mwingine akaangua kilio.

Lorna alikimbilia nje kwa askari wa zamu. "Umemwona?"

"Nimemwona, Mama." Askari alionekana kuchanganyikiwa. "Ametoka pekupeku, amevaa nguo za kulalia. Nikamwambia, mheshimiwa, utapata homa. Akafungua kinywa kunijibu, sauti haikutoka. Kisha ukungu ukamficha."

Lorna aligeuka kuutazama ukumbi. Hakuna aliyetaja jina la Selwick. Walikuwa wameita cheo, na cheo kilikuwa cha Edmund.

Alipanda ngazi akishika ukuta. Kitandani mumewe aliketi wima, mashavu mekundu, mikono imetulia juu ya shuka. Chumba kizima kilinuka sufu iliyolowa.

"Makofi mazuri," alisema kwa sauti nene ambayo Edmund hakuwahi kuwa nayo. Akamtazama Lorna kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Waambie wawashe moto, bibi, na waniletee karatasi zangu. Nilikuwa nimeishia wiki ya sita."