Simu Iliyomtangazia Mume

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya pili ya jengo la maduka, watu walikuwa wamesongamana mbele ya mlango mmoja. Fundi cherehani, mwanamke mwenye gauni la zambarau lililomkaa kama amezaliwa nalo, alikuwa amevunjia ufunguo kwenye kufuli, na bibi harusi alikuwa anasubiri shela lake.

Fundi kufuli akapenya, mrefu, ovaroli yake imepigwa pasi.

"Dada, kufuli hili umelikosea nini?"

"Mimi? Limenuna lenyewe. Fungua, maneno baadaye."

"Baadaye saa ngapi?"

Watu wakacheka. Kufuli likaachia.

"Saa kumi," akajibu bila kumtazama.

Saa kumi akaja kweli. Miezi mitano ikapita, simu za mchana hazikatiki.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula, ila sauti yako sijashiba."

"Muongo wewe!"

Jumamosi moja simu ya mwanamume iliisha chaji. Akaazima ya mpenzi wake atafute namna ya kufungua kufuli geni la mteja. Akaandika "jinsi ya ku", na simu ikamalizia yenyewe: jinsi ya kuachana na mume bila ugomvi. Angeishia hapo. Hakuishia. Akafungua historia, akashuka nayo: mume wangu hasemi nami wiki ya pili. Talaka inachukua muda gani.

Akairudisha simu, akaaga, kikombe chake cha chai kikabaki kimejaa.

Maneno yale yalikuwa ya dada yake fundi cherehani. Miaka miwili nyuma alikimbilia kwa mdogo wake akilia, hana simu, akamwambia niandikie hivi kwenye simu yako, niandikie vile. Baadaye mume alijirudi, wakapatana, na hakujua kamwe kwamba mkewe alishafika kwenye talaka. Watu wenyewe walikwisha kusahau. Wenye mitandao ndio hawasahau, wanaweka kila ulichouliza siku ulipokuwa unalia, na wakubwa wetu wanaopaswa kuwauliza "mnaweka ya nini?" wako mikutanoni wanapigwa picha.

Siku tatu zikapita. Ya nne simu ikalia.

"Mumeo hajambo?"

"Mume gani tena?"

"Simu yako inamjua. Unaniuliza mimi?"

Mwanamke akaelewa. Neno moja tu lingemsafisha. Lakini likitoka kwa huyu lingemfikia mume wa dada, na nyumba ya dada yake ingeyumba.

"Sina mume. Yale si yangu. Zaidi ya hapo sisemi."

"Ya nani?"

"Nimeshasema sisemi."

"Basi kaa nayo!"

Mwanamke akalala na machozi, asubuhi akafuta historia yote. Alifuta ya kwake, lakini iliyobaki huko kwa wenye mitandao nani atamhakikishia?

Wiki ile fundi kufuli alimfungulia mlango mzee mmoja, kisha akageukia ukutani.

"Mbona huangalii ndani, kijana?"

"Kazi yangu mlango, mzee. Ya ndani ni ya mwenyewe."

Akayasikia maneno yake mwenyewe, na uso ukamchoma. Akakusanya vyombo, akaenda moja kwa moja kwenye jengo la maduka.

"Nilichungua," akasema, kofia mkononi. "Nisamehe."

Cherehani ikasimama. "Hutaki kujua ni ya nani?"

"Nataka mpaka nawashwa. Lakini usiniambie."

"Na kama nina mume kweli?"

"Ungeniambia mwenyewe, na ukali wako huo. Nataka kukuoa."

"Hivi hivi, na grisi mikononi?"

"Nikanawe kwanza?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. "Kanawe. Kisha twende kwa dada. Ndiye aliyenilea."

Mume wa dada ndiye aliyewafungulia. "Karibu shemeji!" akapaza sauti, akamsogezea mkewe kiti kwanza, kisha wageni. Walipokwisha kukaa, fundi kufuli akataja kwa mzaha kwamba waligombana kidogo, ni mambo ya simu. Dada mtu akashtuka, akamtazama mdogo wake. Mdogo mtu akatikisa kichwa, polepole sana. Dada akashusha pumzi.

Fundi kufuli aliuona mtazamo ule wote, ukienda na ukirudi. Akajua ya nani, akainamisha macho kwenye kikombe chake cha chai.

"Shemeji," akamwambia mwenye nyumba, "nisogezee sukari."