Orodha Mbili za Dolores

Mwaka 1974, katika mji wa Lowell kule Marekani, kila Jumanne kengele ya mwisho ikilia, Dolores Pacheco wa darasa la saba alishuka kwenye karakana ya shule, akafunga nywele, akawa fundi. Cheo hicho hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe.

Wiki hiyo ubao wa alama za mpira wa kikapu ulikuwa mgonjwa. Ukitoka saba, unaruka hadi tisa. Mwalimu Kowalczyk wa karakana alipanga upya, kwenye karatasi, nyaya za ndani ya ubao huo, akampa Dolores orodha mbili za nyaya, ya zamani na mpya.

"Linganisha mstari kwa mstari. Niandikie nyaya zipi zitoke, zipi ziingie. Mechi ni Ijumaa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu," alijibu Dolores, ambaye hakuelewa hata chembe.

Orodha ya zamani ilisema: waya kutoka tundu A9 hadi C4. Mpya ilisema: C4 hadi A9. Dolores alikuna kichwa, akaandika: ule utoke, huu uingie. Mstari wa pili, vivyo hivyo. Mwishowe nyaya za kutoka zilikuwa thelathini na tano, na za kuingia thelathini na tano.

"Si ujenge ubao mwingine tu?" Russell, mwenzake, alimcheka. "We, kamuulize Mwalimu!"

"Fundi haulizi," alisema Dolores, akashika koleo.

Jumatano alikuwa ameng'oa nyaya kumi na moja. Akachukua waya mpya, ncha moja C4, nyingine A9. Mkono ukasita. Waya ulikuwa umekaa palepale alipoung'oa ule wa kwanza!

"Sema ni panya," Russell alinong'ona.

Dolores alitamani sana kumsingizia panya. Lakini alikwenda kwa Mwalimu, akasema yote.

"Umeng'oa ngapi?"

"Kumi na moja."

Mwalimu aliketi polepole. "Waya hauna kichwa wala mkia, binti. A9 hadi C4 na C4 hadi A9 ni waya uleule. Za kubadilisha ni nne tu. Mbona ulisema umeelewa?"

"Niliona aibu."

Alhamisi nzima walirudisha nyaya hizo, wakabadilisha zile nne. Ijumaa ubao ulihesabu bila kuruka, na ukumbi mzima ukaona vizuri kabisa jinsi timu yao ilivyofungwa sitini na moja kwa thelathini na nane.

"Kusema 'sijaelewa' kungekugharimu dakika moja," Mwalimu alimwambia. "'Nimeelewa' yako imetugharimu siku mbili. Siku nyingine niulize, hata mara kumi."

"Sawa, Mwalimu," alisema Dolores, akiinua koleo lake. "Basi naanza sasa hivi: koleo hili linashikwaje?"