Jina Lililorushwa kwa Simu ya Upepo

Siku sabuni ilipofika kwenye duka la ushirika la Karatu, hata wagonjwa walipona kwa muda wakaenda kupanga foleni. Mwaka ule wa themanini na tatu, mche wa sabuni ulikuwa na heshima kuliko diwani. Evarista, nesi wa hospitali, alisimama kwenye foleni na gauni lake la maua madogo na viatu vya raizoni vya soli nene, akimdharau kila mtu kwa zamu: mwenye duka aliyeficha maboksi, akina mama waliosukumana, na zaidi yule Mmasai mrefu aliyeziba dirisha zima mbele yake, suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, kola imepigwa pasi, na ndewe za masikio zimening'inia juu ya kola.

"Kitendawili," Evarista alisema nyuma ya mgongo ule.

Mgongo haukugeuka. "Tega."

"Shingo ndefu, duka lote analiona, sabuni haioni."

"Twiga."

"Twiga gani?"

"Aliyesimama mbele ya nesi mwenye domo." Sasa aligeuka, na mkononi alikuwa na mche mzima. "Huu ndio wa mwisho, dada. Nikukatie nusu, au dharau zako zinatoa povu?"

Evarista aliichukua nusu yake bila kusema asante. Alipofika njia panda alijikuta anacheka peke yake kama mwehu.

Kesho yake wakakutana tena kwenye ukumbi wa parokia. Manesi, waganga wa zahanati na watu wa ustawi wa jamii walikuwa wameitwa kufundishwa namna ya kuwahudumia wafiwa, kana kwamba Karatu watu wameanza kufa mwaka huo. Yule mrefu kumbe aliitwa Lembris, mganga wa zahanati moja huko juu Ngorongoro. Alikwenda kukaa benchi la nyuma, karibu na Evarista, ingawa mbele palikuwa wazi.

Mkufunzi alikuwa Bwana Piusi, kutoka mjini: suti ya kaunda, leso yenye manukato ya kuzuia vumbi letu, na chati kubwa yenye picha ya ngazi. Mfiwa, alisema, huipanda ngazi hiyo kipandio kwa kipandio. Kwanza anakataa, kisha anakasirika, na kadhalika, mpaka afike juu ametulia. Ukimsikiliza ungedhani marehemu amepanda dari kutafuta kuku.

"Na mfiwa mwenye mguu mbovu?" Lembris alinong'ona.

"Anabebwa na Bwana Piusi," Evarista alijibu. "Manukato yatamzindua njiani."

"Ninyi wawili huko nyuma, mna swali?"

"Hatuna, mwalimu."

"Basi shikeni hili, ni kubwa kuliko yote. Litajeni jina la marehemu. Kwa sauti, mfiwa alisikie. Asiyelitaja anamzika mtu mara ya pili. Kuna anayeona shida hapo?"

Lembris alifungua mdomo. Lakini Evarista alikuwa amemchora Bwana Piusi pembeni mwa karatasi, anapanda ngazi, leso imeng'atwa menoni, na akaisogeza ile karatasi. Lembris alicheka kwa pua, akaufunga mdomo. Swali likapita.

Jioni zao za semina walizimalizia kwa chai ya rangi na maandazi magumu ya Sista Marsela, mkubwa wa wodi.

"Mwanamke mwenye ulimi kama wako," Lembris alimwambia, "kwetu anatolewa ng'ombe ili atulie."

"Wa kunituliza au wa mahari?"

"Ng'ombe ni ng'ombe, Eva wangu."

"Usiniite wako. Nusu mche wa sabuni haununui mtu."

"Basi nitaleta ile nusu nyingine."

Semina ikaisha, Lembris akapanda kwao. Kila asubuhi zahanati za juu zilizungumza na hospitali kwa simu ya upepo, kutoa habari za wagonjwa na dawa, na kila kituo kilisikia maneno ya kila kituo. Mapenzi gani yatafanyika humo? Waliyafanya kwa vitendawili.

"Kitendawili. Ova."

"Tega. Ova."

"Giza likiingia naziona kutoka huku juu, mkono haufiki. Ova."

"Nyota," alidakia nesi wa kituo kingine ambaye hakuna aliyemwuliza. "Ova."

"Ni taa za hospitali ya Karatu," Lembris alisema, "na mwenye zamu aliyekaa chini yake. Ova."

Sista Marsela alimtazama Evarista juu ya miwani. "Kijana anaomba klorokwini au anaomba mke?"

"Vyote vimepungua huko juu, Sista."

Kisha asubuhi moja dereva wa lori la unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, akasema baba yake Lembris amefariki. Evarista aliikimbilia simu. Yeye mwenye maneno ya kumchana kila mtu, siku ya kuhitaji neno la upole akakuta ghala tupu. Akili ikakimbilia ile chati aliyoicheka.

"Lembris, nimesikia. Pole, mpenzi, kwa kufiwa na mzee..." na akalitaja jina, la kwanza na la ukoo, taratibu, kwa sauti, kama walivyofundishwa. Kwa kuwa simu ilikuwa inakwaruza, akalirudia. "Ova."

Hata nesi wa kudakia hakudakia.

"Dawa zinatosha," sauti ya Lembris ilisema mwishowe. "Ova na kutoka."

Tangu hapo habari za zahanati yake zilisomwa na mtu mwingine. Evarista aliita, akaita tena. Alijibiwa idadi ya wenye kuhara.

"Kiburi tu," alimwambia Sista Marsela. "Mtu unampa pole anakupa mgongo. Na ule mgongo naujua, unaziba hata dirisha."

Baadaye ikasikika kwamba Lembris ameomba uhamisho, anakwenda Engaresero, kule ziwani, zahanati isiyo na simu ya upepo. Gari la chanjo lingempitia safari ijayo.

"Aende. Akawatibu ndege wa ziwani," Evarista alisema, na angemchoma mgonjwa mmoja sindano mara mbili kama Sista Marsela asingemshika mkono.

Siku mbili kabla ya gari kuondoka alikuja mwanamke wa Kimasai na mtoto mwenye homa, kichwa amenyoa, shingoni hana hata ushanga mmoja. Alikuwa Nosim, dada yake Lembris.

"Wewe ndiye nesi wa vitendawili?"

"Ndiye. Kaka yako bado amenuna?"

"Hajanuna. Ulimwita."

"Nilimwita nani?"

"Aliyelala haitwi. Sisi wanawe hatulitaji tena lile jina, hata kwa kunong'ona. Jirani aliyekuwa nalo tumempa lingine. Wewe ukalitupa hewani likaingia kila zahanati. Na mama alikuwa amekaa pale pale kwenye simu, anangoja dawa ya macho." Nosim alimfunika mtoto vizuri. "Alipolisikia aliinuka akatazama mlangoni."

Evarista alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Alitafuta mtu wa kumdharau, akampata mmoja tu, naye amevaa gauni jeupe.

Alipanda na gari la chanjo. Juu kulikuwa na ukungu wa kukata masikio, na bomani raizoni zake zikazama kwenye samadi mpaka kifundo. Lembris, kichwa kinang'aa kwa wembe, alikuwa anafunga sanduku lake kamba.

"Umekuja kunipandisha ngazi?"

"Nimekuja kukudharau ana kwa ana. Mtu aliuliza kama kuna shida, ukacheka kwa pua. Neno moja tu, Lembris, ungesema."

"Wewe ndiye uliyenichekesha."

"Najua. Nimejidharau mwenyewe mpaka lango la hifadhi. Hapo nikachoka, nikarudi kwako."

Lembris alikaza fundo lililokwisha kukazwa. "Na kwenu Endamarariek je? Nyumba iliyofiwa na kitoto kichanga mnaitenga, hata moto hamuiazimi. Ningekuja na pole yangu mpaka mlangoni, si mngenitimua kwa fimbo?"

"Ningekungoja njiani nikuzuie. Ningekuambia."

Evarista alivua viatu, akamwendea mama aliyekaa mlangoni kwake na shuka mabegani, akachuchumaa mbele yake.

"Mwulize mama," alimwambia Lembris. "Yule aliyekuwa naye hapa, alipotoka nje asubuhi, alianza kutazama nini?"

Lembris alisita, kisha akauliza kwa Kimasai. Yule mama alifikiri.

"Anasema mawingu kwanza. Kisha ng'ombe. Yeye akawa wa tatu."

Mama akacheka, akajifunika shuka usoni, na kicheko kikageuka huko ndani. Evarista hakumwambia amefika kipandio cha ngapi. Lembris aliketi upande wa pili wa mama yake, akaanza kusimulia habari za mzee, vituko vyake, ubahili wake wa tumbaku, bila jina hata mara moja, mpaka dereva akachoka kupiga honi.

"Engaresero hakuna simu," Evarista alisema.

"Na joto lake linaivisha yai." Lembris aliinuka, akafungua kamba.

Juma lililofuata, asubuhi, Sista Marsela alikuwa anafungia maandazi kwa vipande vya chati ya Bwana Piusi, maana karatasi nayo ilikuwa adimu, na ngazi ile ikapata kazi ya maana.

"Kitendawili. Ova."

"Tega. Ova."

"Jikoni kwetu yamebaki mafiga mawili, chungu hakikai. Ova."

"Jiwe," alidakia yule nesi. "Ova."

"Nyamaza wewe," Sista Marsela alisema, ingawa hakuwa ameshika simu.

"Figa la tatu liko Karatu," Evarista alisema. "Lina mdomo mkali, na halibebwi na mtu wa kununa kimya kimya. Ova."

"Maombolezo yakiisha, wazee wetu watashuka Endamarariek kwa wazazi wako kuliomba. Watakuja na ng'ombe, na nusu mche wa sabuni. Ova."

Kituo kimoja cha mbali kikakohoa. "Mkishamaliza kupika, mimi hapa nina mama ana uchungu tangu alfajiri, na gari silioni. Ova."

Evarista alifuta macho kwa kiwiko, akavuta kalamu. "Nakusikia. Sema. Ova."