Kidole Gumba cha Dokta

Mlinzi wa lango la uwanja alikuwa mtu wa kukataa kwanza na kuuliza baadaye. Siku ya ufunguzi wa ligi daraja la kwanza, watu wakisukumana na filimbi zikilia, aliwazuia wawili kwa mpigo: dada mwenye gauni la bluu na ndoo ya barafu mkononi, na kijana mfupi aliyening'iniza viatu vya mpira shingoni.

"Mimi ni mchezaji," kijana akasema.

"Wa karata?"

Dada alicheka mpaka maji ya barafu yakamwagikia ndala za yule kijana. Dada naye alikuwa mgeni, mchua misuli mpya wa timu, na hapakuwa na mtu wa kumshuhudia. Walikaangwa na jua pamoja hadi kocha alipokuja kuwaokoa, na kufikia hapo walikuwa wameshapeana namba za simu.

Wachezaji wakamwita dada huyo Dokta, ingawa dokta hakuwa. Yule mfupi walimwita Kiberiti, kwa kuwa alikuwa mdogo na akiwaka, mabeki walijuta. Dokta alikuwa na namna yake ya kupima msuli. Alimlaza mchezaji mezani, akamwambia asimulie chochote, kisha akabonyeza kwa kidole gumba huku ametega sikio. Alisema mdomo wa mchezaji huongopa, lakini sauti inapokatika, hapo ndipo pabovu. Kipa alizoea kumsimulia vituko vya mama mkwe wake. Kiberiti alimsifia Dokta mwenyewe: macho, mwendo, hata ile ndoo.

Timu ilipokwenda ugenini Dokta alibaki, maana basi halikuwa na nafasi yake. Jioni simu iliita.

"Umekula, Dokta wangu?"

"Nimekula. Umefunga mangapi?"

"Moja. La pili nimelikosa nikikuwaza."

"Basi acha kuniwaza, tupande ligi kuu."

Mama yake Kiberiti akaanza kumwita mkamwana, na Dokta hakumsahihisha.

Ikabaki mechi moja, nyumbani, na lazima washinde ndipo wapande. Wiki hiyo Kiberiti alianza kuukokota mguu wa kulia, na kila alipoulizwa alisema ni viatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani angemwambia hivyo mtu aliyeisubiri mechi hiyo tangu utotoni? Kocha akamwachia Dokta uamuzi: akisema ndiyo anaanza, akisema hapana anakaa benchi.

Asubuhi ya mechi Kiberiti akalala kifudifudi mezani. Dokta akaweka kidole nyuma ya paja.

"Haya, simulia."

"Leo sina masimulizi, mpenzi. Tukipanda, Jumapili mjomba wangu anakuja kwenu kuleta posa. Nataka uwe mke..." Sauti ikamkatika. "Uwe mke wangu."

Kidole kilikuwa kimelipata fundo ndani ya msuli. Kilikuwa kimelipata kabisa. Lakini Dokta moyo ulimruka, akajiambia kwamba mwanamume anayetamka neno kama hilo lazima sauti imtetemeke. Akaenda kumwambia kocha kwamba Kiberiti yuko fiti.

Kiberiti alifunga bao mapema kipindi cha pili, bao pekee la mechi. Dakika chache baadaye alikimbilia mpira mwingine, akaanguka huku ameshika paja. Msuli ulikuwa umeng'oka kwenye mfupa. Jioni ile wenzake walibebwa mabegani na mashabiki, yeye akabebwa kwa machela.

Jumapili mjomba hakuja. Dokta alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Daktari wa hospitali alisema kijana atatembea, ila mpira basi. Klabu ikasajili winga mwingine, na Dokta akaambiwa ajiandae, ligi kuu basi lina nafasi yake.

Siku moja kabla ya safari alivaa lile gauni la bluu akaenda kwao Kiberiti. Mama alimfungulia mlango, akamwita dada, si mkamwana tena.

Kiberiti alikuwa kitandani, gongo limeegemezwa ukutani.

"Siku ile," akauliza bila salamu, "ulilihisi lile fundo?"

"Nililihisi."

"Sasa kwa nini ulinikubalia?"

"Ulikuwa unanichumbia."

"Nilikuwa naumwa. Nilitafuta neno zito la kufunikia maumivu, nikalipata hilo." Akalitazama gongo. "Mpenzi nilikuwa naye. Siku ile nilihitaji mtu wa kunikatalia."

Dokta alisikia aibu, kisha hasira, kisha aibu tena. Angeweza kumwambia kwamba aliyedanganya kwanza ni yeye Kiberiti. Badala yake akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kidole gumba juu ya kovu la upasuaji pajani.

"Kwa hiyo hukunipenda. Haya, simulia."

"Sijawahi kuku..." Sauti ikakatika. Akajikaza. "Kukupenda."

"Sijabonyeza," Dokta akasema.

"Najua." Akageukia ukutani. "Nenda, Dokta. Wewe umepanda. Mimi kila utakaponigusa nitaisikia siku ile."

Dokta akamfunika mguu kwa shuka, kama alivyomfanyia kila mchezaji akishamaliza kumpima, akamuaga mama na kutoka.

Kesho yake basi liliondoka asubuhi. Kipa akaja kukaa pembeni yake, akanyoosha goti, akaanza kumsimulia habari za mama mkwe, na Dokta akaweka kidole na kusikiliza.